Darasa la Kijapani la watu wazima, Tudor: maoni ya mtu wa bandarini

Tangu nianze kusoma Kijapani pale Tudor, Mombasa, watu wa kazini na wa mtaani wananiuliza swali lile lile: darasa hilo lastahili pesa? Lastahili. Naliweka mbele ya madarasa mengine yote niliyoyaonja, ya intaneti na ya programu za simu, kwa sababu moja kubwa: mwalimu hufundisha Kijapani kwa Kiswahili. Hatupitishi kwenye Kiingereza kwanza. Asiyewahi kuisoma lugha hii huenda asiuone uzito wa jambo hilo, kwa hivyo nitakaa hapo kwa urefu. Kisha nitayasema yasiyonipendeza, maana yapo, na mengine si madogo.

Mimi ni wakala wa forodha. Ofisi yetu iko Ganjoni, na sehemu kubwa ya mizigo tunayoitoa bandarini ni magari yaliyotumika, eks-Japani kama tunavyoyaita. Gari lililouzwa mnadani kule huwa na karatasi yake ya mnada: ukurasa mmoja wenye mchoro wa gari, vijialama vya A1, U2, W2 vimetapakaa kwenye milango na bampa, na pembeni maelezo ya mkaguzi kwa Kijapani, mara nyingi kwa mkono. Mteja wa Mombasa hununua kwa picha. Hali halisi ya gari imo kwenye karatasi ile, nasi tunaoishika kila wiki wengi wetu hatuwezi kuisoma. Tunapokea tafsiri, tena mara nyingine tafsiri ya mistari miwili kwa maelezo ya mistari minane. Mteja akiniuliza, "Dada, gari hili limegongwa?" nataka kumjibu kwa nilichokisoma mwenyewe. Hiyo ndiyo haja iliyonipeleka darasani, na nawaomba mnisome mkijua hivyo. Mwenye haja nyingine atapima vingine.

Darasa lenyewe halina bango. Watu husema "kwa Sensei" tu, yaani kwa mwalimu, na wenye tuktuk pale kituoni wanalijua. Ni chumba kimoja ghorofa ya pili, feni mbili, ubao mweupe, viti vya plastiki na meza ndefu. Hukutana Jumatatu na Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja na nusu, na katikati kuna mapumziko ya Magharibi. Wanaoswali hushuka msikitini, wengine hubaki chini kwa mama wa kahawa na kaimati. Nayapenda sana mapumziko yale. Mtu aliyetoka kazini moja kwa moja hawezi kumeza sarufi saa mbili mfululizo, na huko chini kwenye kahawa ndiko watu husaidiana yaliyowapita ubaoni.

Wanafunzi wote ni watu wazima wenye kazi zao. Yuko fundi wa magari wa Changamwe, wako wawili wa mapokezi kwenye hoteli za Nyali, yuko muongoza watalii, yuko nesi, kijana mmoja anayetaka kwenda Japani kulea wazee, na mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwamkia shikamoo kabla ya kumwambia konbanwa, salamu ya Kijapani ya jioni. Mwalimu ni mtu wa Pwani hii hii, aliyeishi na kufanya kazi Nagoya kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Anakijua Kijapani cha kiwandani, cha basi na cha sokoni, na anakijua Kiswahili kwa undani. Wanaojua lugha zote mbili ni wachache. Wanaojua kuzikutanisha ni wachache zaidi.

Kipindi cha kwanza hakukuwa na kitabu. Aliandika a, i, u, e, o, akatuambia tusome. Tukasoma. Akaandika ka, ki, ku, ke, ko. Tukasoma. Hakumrekebisha mtu. Irabu zetu tano ndizo zao tano, na silabi zao karibu zote huishia kwa irabu kama zetu. Kilichotutatiza ni mpangilio tu: sisi tulikaririshwa ma, me, mi, mo, mu tangu shule ya chekechea, wao husema ma, mi, mu, me, mo, na mwanzoni ulimi hurudi kwenye njia yake ya zamani. Katika darasa la intaneti nililojiunga nalo hapo awali, mafunzo yalikuwa kwa Kiingereza na vipindi vya mwanzo vyote vilikwenda kuwazoeza wanafunzi watamke "o" safi isiyovutwa. Nilikuwa nalipa kufundishwa nilichozaliwa nacho. Kwa Sensei muda ule wote uliokolewa ukatumika kwa mambo yanayotuhangaisha kweli, kama irabu ndefu: obasan ni shangazi, obaasan ni nyanya, na ukifupisha au kurefusha mahali sipo umembadilishia mtu umri wake.

Maandishi ni kazi, hakuna njia ya mkato. Hiragana ina herufi 46 za msingi, katakana nazo 46, sauti zile zile kwa maumbo mengine. Hiragana hubeba sarufi na maneno ya Kijapani chenyewe, katakana hubeba maneno yaliyotoka nje na majina ya wageni kama sisi. Mwalimu huanza na hiragana, kama wafanyavyo walimu karibu wote. Hapa tunatofautiana. Kwa mtu wa magari katakana ndiyo chakula cha kila siku: eakon (kiyoyozi), nabi (ramani ya gari), sanruufu (dirisha la paa), handoru (usukani), majina ya aina za gari, yote huandikwa kwa katakana. Nimemwambia, na ninalirudia hapa kwa yeyote anayefundisha watu wa kazi yetu: wapeni katakana mapema, ili wiki ya tatu mtu aweze kushika karatasi aone kiyoyozi kiko au hakiko. Hamu ya kusoma huja kwa kuona faida.

Lakini katakana akiifikia huifundisha vizuri ajabu. Shi na tsu, n na so, ndizo zinazomchanganya kila mtu, kwa kuwa kwa jicho la mgeni zinafanana kabisa: シ na ツ, ン na ソ. Yeye hakutuambia tukariri umbo. Alitufundisha mkono uanzie wapi na ufagie kuelekea wapi: shi hupanda kutoka chini, tsu hushuka kutoka juu. Tukaziandika mpaka kurasa zikajaa. Sasa hata maandishi ya haraka ya mkaguzi wa mnada nayatambua kwa mwelekeo wa kalamu.

Sasa nije kwenye somo la saa, ambalo ndilo lililonifanya nilipie muhula mzima kwa mkupuo.

Wajapani husoma saa kwa mshale. Shichi-ji ni saba, na asubuhi hiyo ni saa yetu ya moja. Kwa hivyo Mswahili akijifunza saa kwa Kijapani hubeba mzigo mara mbili: ajifunze nambari, kisha ageuze hesabu yake ya kawaida. Kitabu kinachofundisha kwa Kiingereza hakijui hata kwamba tatizo hilo lipo. Mwalimu wetu ana saa mbili ukutani, moja ya Mombasa, moja ya Tokyo. Akatuuliza, sasa hivi ni saa ngapi? Tukamjibu, saa kumi na mbili jioni. Akasema, tazameni ya Tokyo. Mishale yote miwili ilikuwa juu kabisa, kwenye kumi na mbili: usiku wa manane. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo iko mbali na mshale kwa saa sita. Basi nambari tunayoitamka sisi ndiyo nambari anayoisoma Mjapani kwenye saa yake dakika ile ile. Kwetu saa tatu asubuhi, Tokyo ni san-ji alasiri. Ofisi ya Yokohama ikifungwa roku-ji jioni, hapa ni saa sita mchana. Na kwa kuwa nchi zote mbili hazisogezi saa zao kufuata majira, hesabu hii haibadiliki mwaka mzima.

Nimefanya kazi na wauzaji wa Japani muda mrefu nikihesabu kwa vidole kama wameshafunga au la. Sasa sihesabu. Ofisini nimewafundisha wenzangu wote, hata mlinzi anajua kwamba baada ya saa sita mchana barua pepe ya kwenda Japani itajibiwa kesho. Mwalimu wa kutoka mbali asingeweza kutupa somo lile, hata awe na shahada ngapi, kwa sababu lazima awe anaishi ndani ya saa ya Kiswahili.

Kuhesabu vitu nako alikushughulikia hivyo hivyo. Kijapani hakihesabu kila kitu kwa nambari zile zile. Watu ni hitori, futari, sannin. Vitu virefu kama penseli na chupa ni ippon, nihon, sanbon. Vitu bapa kama karatasi ni ichimai, nimai. Magari na mashine ni ichidai, nidai, sandai. Vitabu vya mwanzo huliweka jambo hili kama kero, na mwanafunzi huanza kuliogopa kabla hajalijaribu. Fundi wetu wa Changamwe alisikiliza orodha ile akasema, "Sensei, si hizi ni ngeli?" Mwalimu akacheka, akamwambia amekaribia: mtoto wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kwamba mtu ni mmoja, kitu ni kimoja na gari ni moja, kwa hivyo wazo la kwamba umbo la nambari hufuata aina ya kitu si geni kwake. Kisha akatuonya tusilivute mbali, maana kwa Kijapani aina hiyo huonekana wakati wa kuhesabu tu. Haigusi kitenzi wala kivumishi. Napenda hivyo. Anatupa daraja na anatuonyesha linapoishia.

Kwenye vitenzi alitumia sauti ya gari. Kila aliyepanda eks-Japani amelisikia lile dada la ndani ya gari likisema kitu mara tu injini inapowashwa. Husema ETC kaado ga soonyuu sarete imasen. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama, na sauti ile inalalamika kwamba kadi haimo. Mwalimu aliirekodi kwenye simu, akaicheza, akaivunja vipande: soonyuu suru ni kuingiza, soonyuu sareru ni kuingizwa, sarete imasen ni haijaingizwa. Tukaelewa papo hapo, kwa kuwa tuna kauli ya kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe, hatuhitaji kuelezewa kurasa tatu. Akaendelea na kula: taberu ni kula, taberareru ni kuliwa, tabesaseru ni kulisha, tabesaserareru ni kulishwa. Neno refu kama hilo halimtishi mtu anayesema "wamelishwa" bila kufikiri. Nesi wetu aliandika tabesaseru kwenye kiganja cha mkono. Kwake ni neno la wodini.

Ukanushi ndio mgumu, na hapo Kiswahili hakitusaidii. Sisi hukanusha mapema: "sili," na msikilizaji ameshajua. Mjapani hukanusha mwisho kabisa: tabemasu nala, tabemasen sili. Kitenzi nacho hukaa mwisho wa sentensi, kwa hivyo lazima usubiri mpaka mtu amalize ndipo ujue kama amekubali au amekataa. Mwalimu alitufanyisha mazoezi ya kusikiliza mwisho wa sentensi peke yake, akinong'ona sehemu ya mwanzo na kupaza silabi mbili za mwisho. Zoezi lile ni la maana kuliko lilivyoonekana siku ile, hasa kwa anayezungumza na muuzaji kuhusu tarehe ya meli.

Upande wa adabu, yeyote aliyelelewa Mombasa huingia na mtaji. Wazo kwamba lugha hubadilika kwa sababu ya umri na cheo cha unayesema naye halikumshangaza mtu. San huongezwa kwenye jina la mwenzako, kamwe si kwenye lako mwenyewe. Hai katikati ya mazungumzo mara nyingi maana yake ni "nakusikia", kama naam yetu ya kumuitikia mzee. Usiihesabu kuwa mkataba. Na tulifundishwa maneno ya kufungulia simu na barua za kazi, osewa ni natte orimasu, ya kumshukuru mtu kwa wema wake unaoendelea. Tulifanya mazoezi kwa simu mbili, mmoja chumbani mmoja kwenye ngazi, tusitazamane. Sehemu hii nampa alama zote. Kuinama, hata hivyo, kulichukua muda mno: digrii 15 kwa salamu ya kupita, 30 kwa mteja, 45 kwa shukrani kubwa au kuomba radhi. Watu wa hoteli walifurahi. Mimi ninayefanya kazi kwa simu na karatasi ningefurahi zaidi kama jioni ile tungesoma.

Na kusoma tulikusoma, kidogo kuliko nilivyotaka. Kipindi kimoja tu kilitengwa kwa miaka ya Kijapani, na kilikuwa cha dhahabu. Kule huandika mwaka kwa enzi ya mfalme. Heisei ilianza 1989, Reiwa ikaanza tarehe 1 Mei 2019. Ukiona Heisei, ongeza 1988. Ukiona Reiwa, ongeza 2018. Heisei 30 ni 2018, Reiwa 2 ni 2020, na mwaka 2019 una sura mbili, Heisei 31 hadi mwisho wa Aprili na Reiwa 1 kuanzia Mei. Mkaguzi anaweza kuandika 30 na 6 peke yake, naye amemaanisha Juni 2018. Kenya haipokei gari lililotumika lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo kukosea enzi si jambo la shule. Ni gari kukwama bandarini huku gharama za uhifadhi zikipanda kila siku. Mwalimu aliniruhusu nilete nakala za karatasi za mnada, majina na nambari zimefutwa, tukazisoma darasa zima. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki na mawimbi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Na maneno matatu ya kanji, zile herufi zenye asili ya Uchina, ambayo kila mnunuzi wa gari Mombasa angefaa kuyajua kwa macho: 修復歴, shuufukureki, historia ya matengenezo ya fremu ya gari. Likifuatwa na 有 (ari) ipo. Likifuatwa na 無 (nashi) haipo. Nilitoka nikienda nyumbani na furaha ambayo sijaipata darasani tangu nilipokuwa msichana.

Kanji ndiyo kasoro ya kwanza ya darasa hili. Serikali ya Japani ina orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida. Hakuna anayetarajia mwanafunzi wa jioni azijue, lakini sisi tunapewa chache sana kila wiki, na hazirudiwi vya kutosha. Mwanafunzi anayetegemea darasa peke yake atamaliza muhula akisoma hiragana vizuri na kupofuka mbele ya gazeti. Mwalimu anasema watu wazima wakipewa nyingi hukimbia. Nafahamu hofu yake, nimewaona waliokimbia. Hata hivyo, zipo kanji za kazi ambazo mtu angezishika kwa kuwa anazihitaji: za magari kwa sisi, za chakula na vyumba kwa watu wa hoteli, za mwili kwa nesi. Angegawa orodha kwa kazi za watu, kila mmoja angebeba zake kwa hamu.

Kasoro ya pili ni kusikiliza. Spika ni ndogo, madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, na chini kuna matatu zinazopiga honi na jenereta la duka umeme ukipotea. Mazungumzo ya kitabu huja yakiwa yamekatikakatika. Wale wa kiti cha nyuma husikia nusu. Spika nzuri si ghali hivyo, na tumelisema hili zaidi ya mara moja kwa heshima.

Kitabu tunachotumia ni Irodori, cha Japan Foundation, ambacho hupatikana bure kwenye intaneti pamoja na sauti zake. Kwa uamuzi huo namsifu: hakuna mwanafunzi aliyelazimishwa kununua kitabu cha bei, tunalipia uchapaji tu. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japani, kwa hivyo kuna kutenganisha taka, theluji, na mambo ya bweni la wafanyakazi. Mwalimu huyageuza yawe ya hapa. Sentensi yangu ya kwanza ndefu ilikuwa Watashi wa tukutuku de minato e ikimasu, naenda bandarini kwa tuktuk, na kila neno lake ni maisha yangu.

Kuhusu mtihani, nieleze wazi, maana wengi hujiandikisha bila kuuliza. JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima Kijapani cha wageni, ulianza 1984 na tangu 2010 una ngazi tano, N5 ya chini na N1 ya juu. Ni wa kuchagua majibu. Hakuna kuongea wala kuandika. Kwa N5 unahitaji alama 80 kati ya 180, lakini pia usipungue 19 kati ya 60 kwenye kusikiliza na 38 kati ya 120 kwenye lugha na kusoma. Ukizidisha upande mmoja na kuanguka mwingine, umeanguka. Ndiyo maana suala la spika si dogo. Kenya mtihani hufanyika Nairobi mwezi wa Desemba, kwa hivyo mtu wa Mombasa ahesabu nauli na malazi, na kama anapanda treni kutoka Miritini akate tiketi mapema, kwani Desemba tiketi huisha haraka. Mwalimu hukusanya majina na kusafiri na kundi lake, jambo ambalo wazazi wa wanafunzi wa kike walio vijana darasani wamelishukuru.

Anayetaka viza ya kazi, ile ya Tokutei Ginoo (ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu) iliyoanza Aprili 2019, ajue kwamba huhitaji N4 au JFT-Basic, mtihani wa lugha wa Japan Foundation, pamoja na mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe, na kulea wazee kuna mtihani wake wa ziada wa lugha. Darasa hili linakufikisha N5 na mlango wa N4. Kijana wetu anayetaka kulea wazee mwalimu alimwambia hivyo waziwazi siku ya kwanza, akamshauri aendelee hapa kwa msingi kisha atafute mafunzo ya kila siku. Angeweza kunyamaza akapokea ada. Hilo limeniongezea imani naye kuliko cheti chochote angekitundika ukutani.

Kwa hivyo kama una haraka ya kusafiri, halikufai. Kama huwezi kupata hata nusu saa nyumbani kila siku ya kuandika, halikufai pia. Vipindi viwili kwa wiki havitoshi bila mazoezi, na anayerudi mikono mitupu huwavuta wenzake nyuma. Lakini mtu mzima mwenye kazi inayogusa Japani, gari, hoteli, meli, miradi ya Dongo Kundu ambako Wajapani wana mkono wao, au mtu anayeipenda tu lugha hii na anataka kuingia kwa mlango wa lugha yake mwenyewe, sijaona pa kumpeleka pazuri zaidi Mombasa. Mama yetu mwalimu mstaafu hana kazi yoyote na Japani. Anasoma kwa kupenda, na ndiye mwenye mwandiko bora wa hiragana darasani.

Ada ni shilingi 6,500 kwa mwezi, au 18,000 ukilipia miezi mitatu pamoja, kwa M-Pesa, na risiti hutolewa siku hiyo hiyo. Uchapaji wa kitabu ni 400. Wanaoanza hupokelewa Januari, Mei na Septemba. Usijaribu kuingia katikati. Nenda na daftari la miraba, la hesabu, siyo la mistari, na penseli badala ya kalamu. Anayekosa kipindi kwa sababu ya zamu au meli kuchelewa hufidiwa Jumamosi asubuhi bila malipo, mradi atume ujumbe kabla ya saa kumi jioni. Kaa mbele, karibu na spika.